Studio, LeoCAD au Mecabricks: ipi ifae kusanifu behewa la TAZARA kwenye kompyuta ya RAM 4?

MamaTofali_Uyole

Habari za jioni wadau. Niko Uyole, Mbeya. Likizo hii nina watoto tisa wanaokuja kwangu kila Jumamosi, wa darasa la sita hadi kidato cha pili, na tumepania kujenga behewa la TAZARA kwa matofali ya LEGO. Matofali nimeyapata Mwanjelwa kwenye mitumba ya vitu vya watoto, ndoo mbili zilizochanganyika, mekundu na ya kijivu mengi, ya bluu ya kuhesabu. Kwa kuwa hakuna duka hapa la kukimbilia kipande kikipungua, nataka wasanifu kwanza kwenye kompyuta, tuone kama vipande vinatosha, ndipo tufungue ndoo.

Nina kompyuta mpakato moja ya Windows, RAM gigabaiti 4, bando la simu, na jioni umeme hauaminiki. Nimejaribu programu tatu kwa wiki mbili.

Studio ya BrickLink, lile soko la mtandaoni la vipande vya LEGO, ndiyo iliyonivutia zaidi. Kipande kinajishika chenyewe kwenye vinundu vya kingine, yaani vile vidude vya duara vya juu ya tofali, na ukiviingiza viwili mahali pamoja inakuonya. Ina sehemu ya kupima uimara, inakuonyesha mahali ambapo jengo litalegea. Ina sehemu ya kutengeneza kitabu cha maelekezo hatua kwa hatua. Ni ya bure. Lakini kuipakua kulimaliza bando la wiki, na nilipofika vipande kama mia tatu, kompyuta ilianza kuchechemea: unavuta kipande, unasubiri, kinakuja.

LeoCAD nayo ni ya bure, nyepesi kwa mbali, na ikishawekwa haidai intaneti. Sura yake ni kavu. Kipande unakisogeza kwa mishale ya kibodi, na hakuna anayekuambia umekosea.

Mecabricks inafunguka kwenye kivinjari, huweki chochote kwenye kompyuta. Watoto waliipenda kwa dakika kumi, mtandao ukakatika, kazi ikaishia hapo.

Moyo wangu uko Studio, kompyuta yangu iko LeoCAD. Mngefanyaje?

Fundi_Mafinga

Kamwene dada. Mimi ni fundi seremala hapa Mafinga, nimetumia Studio miaka minne sasa. Usiiache. Mtoto anayeanza anahitaji programu inayomkataza. Kwenye LeoCAD atapachika dirisha katikati ya ukuta, nusu ndani ya tofali jingine, na kwenye skrini litapendeza kabisa. Siku ya kujenga analia. Mbao zimenifundisha hivyo: mchoro usiojua unene wa ubao unakula mbao.

Kuhusu uzito, punguza ubora wa picha kwenye mipangilio, na behewa ligawe vipandevipande: sakafu faili lake, ukuta wa kushoto faili lake, paa faili lake. Mia tatu kila moja, kompyuta itavumilia. Kuunganisha ni mwisho.

Kijana_wa_Soweto

Mama, mimi nilijifunzia LEGO Digital Designer, ile ya LEGO wenyewe. Bado ninayo kwenye flashi, inakimbia hata kwenye kompyuta mbovu kuliko yako. Nikuletee?

Fundi_Mafinga

Kijana, nashukuru kwa moyo, ila usimwanzishie mama na hiyo. LEGO walinunua BrickLink mwaka 2019, na Digital Designer waliiacha, wakawaelekeza watu Studio. Vipande vipya havimo na haviji. Mafaili yako ya zamani usiyatupe, Studio inayafungua.

Hesabu_Gangilonga

Shikamoo mama. Nafundisha hisabati Iringa mjini, na hapa sikubaliani na Fundi, kwa heshima zote.

LeoCAD inatumia maktaba ya LDraw, yaani mkusanyiko wa bure wa michoro ya vipande vya LEGO. Aliyeianzisha LDraw ni James Jessiman, kijana wa Australia, mwaka 1995. Alifariki 1997, na watu wa kujitolea wakaendelea kuchora vipande kimoja kimoja hadi leo. Hata Studio inategemea kazi hiyohiyo. Faili la LDraw ni maandishi matupu, na mtoto anaweza kulifungua kwa Notepad akaona mstari kama huu:

1 4 0 0 0 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat

Namba ya kwanza inasema "hiki ni kipande". Ya pili ni rangi: 4 nyekundu, 1 bluu, 2 kijani, 14 njano. Tatu zinazofuata ni mahali kilipo: kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma. Tisa zinazofuata ni matriksi ya kukigeuza. Mwisho ni jina la kipande. 3001 ni tofali la vinundu 2 kwa 4.

Kinundu hadi kinundu ni vipimo 20 vya LDraw, kimo cha tofali ni 24, na cha pleti, kile kipande chembamba, ni 8, kwa hiyo pleti tatu ni tofali moja. Ukitaka kupanda juu unaandika hasi: tofali la pili linakaa kwenye -24. Kidato cha pili wangu walibishana siku nzima kwa nini juu iwe hasi, na sijawahi kuona darasa likibishana hivyo juu ya mhimili wowote ubaoni. Badilisha 4 kuwa 14, hifadhi, fungua LeoCAD: tofali limegeuka njano. Mtoto akishaona hivyo ameelewa kuwa programu haina uchawi ndani yake.

Na hilo la kuingiliana linazuilika kwa hesabu. Akijua 20, 24 na 8, anajua kipande chake kinaanzia wapi na kuishia wapi. Faili lenyewe ni dogo mno, linatumwa kwa simu bila kugusa bando.

Fundi_Mafinga

Mwalimu, hapo umenigusa. Lakini darasa la sita nao? Hasi ishirini na nne kwa mtoto wa miaka kumi na mbili?

Hesabu_Gangilonga

Wa darasa la sita watumie mishale ya kibodi, inawapandisha kwa hatua hizohizo bila kuandika namba. Wakubwa ndio wafungue maandishi. Ila nakubali kwamba uimara LeoCAD haipimi. Paa linaloelea halitasema.

Reli_Iyunga

Naomba niingie, maana hili la behewa ni langu. Nimekulia karibu na stesheni ya TAZARA ya Mbeya, honi ya treni ndiyo ilikuwa saa yetu. Kabla ya programu, amueni kipimo, la sivyo mtasanifu mara tatu.

Reli yetu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067 kati ya vyuma, sawa na ya Zambia. Reli ya zamani ya kati ni milimita 1,000. Sasa, reli za treni za LEGO zina nafasi ya takriban milimita 38. Gawanya 1,067 kwa 38, unapata kama 28. Maana yake ukitumia reli za LEGO na ukataka ukweli, kila sentimita yako ni sentimita 28 za kweli. Behewa litakuwa dubwana, na ndoo mbili hazifiki hata dirishani.

Njia nyingine ni kuanzia kwa abiria. Kisanamu cha LEGO kina urefu wa kama milimita 40. Mtu wa mita 1.7 ukimgawa hivyo unapata kipimo cha 1 kwa 42. Sasa gawanya 1,067 kwa 42: milimita 25. Kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kwa hiyo vinundu vitatu ni 24. Tengenezeni reli yenu wenyewe kwa vipande vyembamba, nafasi ya vinundu vitatu katikati, na mtakuwa karibu sana na TAZARA halisi kuliko mwenye reli za dukani.

Upana wa behewa msiuchukue kwenye picha. Ombeni ruhusa pale stesheni, nendeni na futi kamba. Mkipata kwa mfano mita 2.8, hiyo ni milimita 67, basi vinundu 8.

Kijana_wa_Soweto

Aisee Reli, hii hesabu naihifadhi.

MamaTofali_Uyole

Wapendwa, samahani kwa ukimya, nimerudi baada ya Jumamosi mbili.

Tulifanya hivi. Kipimo ni 1 kwa 42 kama Reli alivyosema. Wakubwa wawili walihesabu ndoo kwanza wakaandika kila aina na rangi kwenye daftari. Tulisanifu kwa LeoCAD. Umeme ulikatika mara moja, betri ikashika, na kwa kuwa hatukuhitaji mtandao hakuna kilichopotea. Orodha ya vipande tuliitoa kwenye programu tukailinganisha na daftari. Paa lilitaka pleti za kijivu 2 kwa 8 kumi na nne, ndoo ina tisa. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akabadilisha tano zilizobaki kuwa jozi za 2 kwa 4, akapishanisha maungio kama fundi anavyopanga tofali za ukuta. Hakufundishwa na mtu.

Wiki iliyofuata nilibeba faili kwenye flashi hadi kwa ndugu yangu mwenye kompyuta yenye nguvu, nikalifungua kwenye Studio. Fundi, ulikuwa na haki: ukuta wa nyuma ulikuwa umeingiliana na kiti sehemu mbili, na kona ya paa ilikuwa haijashika popote. Mwalimu naye alikuwa na haki, maana niliporudi na habari, watoto walifungua maandishi, wakatafuta mstari wa kiti, wakasogeza 20, wakamaliza kwa dakika chache.

Kwa hiyo kwangu jibu ni LeoCAD ya kuchorea na Studio ya kukagulia, mara moja kila sanifu inapokamilika. Kitabu cha maelekezo pia tutakitoa Studio, tukichape kurasa chache.

Mecabricks sijaikataa. Mwenye mtandao wa uhakika na asiyeruhusiwa kuweka programu kwenye kompyuta ya shule aanze nayo.

Hesabu_Gangilonga

Mama, nitumie hilo faili la paa. Nataka kuwaonyesha wangu yale maungio.

MamaTofali_Uyole

Nakutumia usiku huu. Na mwingine yeyote wa Mbeya au Tukuyu mwenye pleti za kijivu 2 kwa 8 zilizokaa tu: natafuta tano, nabadilishana na matofali mekundu 2 kwa 4, mbili kwa moja.