Naomba ushauri: rangi ya chungwa sebuleni

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu sebule yangu, ambayo nimedhamiria kuipamba kwa rangi ya chungwa na jamaa zake, kuanzia ile iliyopauka kama nyama ya papai hadi ile nzito ya chungu kilichochomwa. Nyumba ipo Muheza, kwenye machungwa mengi ambayo huiva ganda likiwa bado la kijani, kwa hiyo msinicheke.

Dirisha kubwa la sebule linatazama magharibi. Mwezi uliopita nilipaka kipande cha ukuta kwa rangi ya maji niliyochanganyiwa dukani. Asubuhi kilipendeza, lakini ilipofika saa 11 jioni na jua kukipiga, kiliwaka kama kaa la moto, hata mama mkwe akageuza kiti na kukipa mgongo. Makochi ni ya kahawia, sakafu ni ya vigae vyeupe, na mapazia bado sijanunua.

Je, nipake ukuta mmoja tu usiopigwa na jua, nyingine zibaki rangi ya maziwa, au niziache kuta zote na chungwa liingie kwa mito, zulia na mapazia? Mwenyewe naegemea hilo la pili, maana foronya hubadilishwa kwa dakika chache, ilhali ukuta uliokolea rangi hiyo ukikuchosha, kuufunika kwa rangi nyepesi si kazi ya mkono mmoja wa brashi. Nimeshauriwa pia niongeze buluu kidogo ili kuipoza. Waliojaribu, naomba mnieleze ilionekanaje usiku chini ya taa nyeupe.