Naomba ushauri: kuwafundisha maafisa mipango modeli ya uchumi na matumizi ya ardhi

Mpangaji_Kusini
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni afisa mipango miji katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Lindi. Nimetakiwa kuwafundisha maafisa wenzangu wa mipango, ardhi na biashara kutumia modeli inayokadiria watu watahamia wapi na biashara zitawafuata wapi pindi ajira, barabara au bei ya ardhi inapobadilika. Zoezi letu litakuwa eneo la stendi mpya. Je, nianze na QGIS, ile programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, au nianze na Excel ambayo wote wanaijua? Usingizi umenipotea, kwa kuwa baadhi yao ni wakubwa zangu kazini.

Mama_Shangani
Mwanangu, kwanza hakikisha posho imeandikwa kwenye barua ya mwaliko. Nimeandaa semina hapa Mtwara ambayo baada ya chakula cha mchana ukumbi ulibaki nusu.

Mpimaji_Mstaafu
Anza na Excel. Mmarekani Ira Lowry aliijenga modeli yake ya mji wa Pittsburgh mwaka 1964 kwa mantiki ambayo mtu anaweza kuifuata kwa kalamu. Unaweka kwanza ajira za msingi, yaani zile zinazoingiza fedha kutoka nje ya mji, kama bandari, kiwanda au ghala la korosho. Unawapangia wafanyakazi wake makazi kwa kuzingatia umbali. Makazi yanavuta maduka na shule, maduka na shule yanahitaji wafanyakazi wengine, nawe unarudia mpaka hesabu itulie. Kosa la hatua ya kwanza husambaa mji mzima. Kwa hiyo nakuuliza: ajira za msingi umezitoa wapi?

Mpangaji_Kusini
Kwenye leseni za biashara na kumbukumbu za maghala ya vyama vya ushirika. Nyingine ni makadirio.

Mpimaji_Mstaafu
Makadirio ya nini?

Mpangaji_Kusini
Ya gesi. Nimeingiza ajira za mtambo wa kusindika gesi unaopangwa kujengwa Likong'o, huku Lindi, kana kwamba zimeshaanza. Mkubwa wangu ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu eneo la stendi, lililo upande huo, limeshatajwa mbele ya madiwani. Lakini naomba nieleweke: makubaliano ya awali ya mradi yalisainiwa Juni 2022, na mji usiotenga ardhi mapema huja kulipa fidia kubwa baadaye. Tena hili ni zoezi la mafunzo tu.

Korosho_Ghafi
Gesi! Wakati wa utafutaji wa gesi baharini nilijenga nyumba ya wageni Mtwara, na vyumba vilikuwa vikijaa wageni wa kampuni kila wiki. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, wageni wale walikuwa wameanza kupungua. Sasa nimepangisha vyumba kwa wanafunzi.

Babu_Nachingwea
Kusini tumeshapanga miji kwa matarajio. Mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 ulituletea reli na bandari ya Mtwara yenye kina kirefu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikaondolewa. Bandari ilibaki, na leo inasafirisha korosho. Mwanangu, usiweke jina lako kwenye hesabu usiyoiamini.

Mkaguzi_Huru
Mimi nina shaka kwamba uzi huu umetungwa. Halmashauri zetu hazina takwimu za safari za watu, na modeli ya namna hiyo haiendi bila gharama ya safari. Kama wewe ni afisa kweli, eleza ulivyoipata.

Mama_Shangani
Nami nilishangaa mtu mwenye modeli kuuliza habari za Excel.

Mpangaji_Kusini
Nimeumizwa na tuhuma hiyo. Tulisimama stendi ya sasa alfajiri na kumuuliza kila abiria ametoka mtaa gani, kwa chombo gani na kwa nauli gani. Mchuuzi mmoja wa samaki, ndoo yake ikiwa bado inachuruzika, alituonyesha kwamba bodaboda inamgharimu zaidi ya basi lenyewe. Stendi ikisogezwa mbali, faida yake yote inaishia njiani. Jibu lake limo kwenye jedwali langu.

Mkaguzi_Huru
Hilo halitungwi na mtu wa mezani. Basi jibu na hili: ukiondoa ajira za Likong'o, stendi inaangukia wapi?

Mpangaji_Kusini
Inabaki karibu na soko, palepale anapouzia yule mchuuzi.

Mpimaji_Mstaafu
Kumbe jibu unalo. Siku ya kwanza chukua sensa ya 2012, iache modeli ikadirie idadi ya watu wa kila kata mwaka 2022, kisha walinganishe na sensa yenyewe, ili waone inakosea wapi na kwa kiasi gani. Siku ya pili waendeshe hali mbili, yenye mtambo na isiyo na mtambo, na kila afisa abadilishe namba kwa mkono wake.

Mpangaji_Kusini
Nitafanya hivyo kwa Excel. Hali mbili nitaziweka zote, ila ile anayoitaka mkubwa itatangulia kwenye taarifa.

Mpimaji_Mstaafu
Itangulie, lakini idadi ya ajira za Likong'o iandikwe juu ya ramani yenyewe, pamoja na neno «makadirio», kwa maandishi ambayo diwani ataweza kuyasoma akiwa kitini.