Naombeni ushauri: virusi vimeingia ofisini kupitia faili la imeili

Karani_7:
Habari wadau. Tuko wanane ofisini, kompyuta zote netiweki moja na kila kitu kiko folda ya pamoja, invoisi, mikataba, mishahara. Juzi dada wa hesabu kapata imeili ina jina la sapulaya wetu kabisa, kuna zip na paswedi yake imeandikwa hapohapo chini, kafungua kakuta faili lina alama ya PDF, kabonyeza, kimya, akadhani imegoma akabonyeza tena. Mchana mafaili yakaanza kubadilika majina moja moja huku tunaangalia, nikakimbia kuchomoa waya kwenye swichi ya netiweki. Antivirusi ipo na imelipiwa. Bakapu ilikuwa ya siku sita nyuma. Nifanyeje isijirudie? Na bosi anataka kumfukuza yule dada, roho inaniuma sana.

FundiNetiweki:
Pole sana ndugu, kuchomoa waya ulifanya la maana. Windows inaficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo invoisi.pdf.exe, ambayo ni programu, unaiona invoisi.pdf tu, na ile alama wamebandika wao. Mchezo wa zamani huu, kirusi cha ILOVEYOU cha mwaka 2000 kilikuja na jina linaloishia .TXT.vbs, watu wakaona TXT wakajua barua. Kila mashine weka tiki ionyeshe jina zima. Kwenye imeili ya ofisi zuia .exe, .js, .vbs, .iso, .lnk, na zip zenye paswedi pia, maana wanazifunga ili skana isione ndani.

Karani_7:
Nimecheki jina kwenye ile zip bila kufungua, kweli .pdf.exe. Nimeishiwa nguvu. Na za Word je?

Bi_Seva:
Hizo shida ni makro, yaani viprogramu vinavyowekwa ndani ya faili. Tangu 2022 Microsoft walianza kuzizuia kwa faili zilizotoka intaneti ila Office za zamani msizitegemee, na faili likikuomba uruhusu ndo uone maandishi, achana nalo. Halafu wote mnatumia akaunti ya adimini, ile yenye ruhusa zote? Wapeni za kawaida, na mishahara aiguse anayehusika tu, kirusi kinaanza na ruhusa za aliyekibonyeza.

MzeeBakapu:
Bakapu kila siku, na diski isiachwe imechomekwa, nayo italiwa. Nakala moja ikae nje ya ofisi, na mjaribu kuirudisha kabla hamjaihitaji. Mashine ile pigeni Windows upya. Huyo dada msimfukuze jamani, mwingine akibonyeza atanyamaza kwa woga, na nyinyi mlipoteza asubuhi nzima kwa sababu hakujua kwamba akiona kimya aseme.

Karani_7:
Nimemsomea bosi, kakubali abaki. Ila bosi naye aliwahi kufungua imeili yake kwenye mashine ile, paswedi yake abadilishe?

MzeeBakapu:
Leo hii, na atumie mashine nyingine iliyo safi.