Watoto wetu wa Lubumbashi hawajui Mashi, lugha yetu. Wabaski wanafanyaje?

Mama Furaha, Katuba
Jambo, wandugu. Mimi ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi, wa Walungu kule Kivu Kusini, niko Lubumbashi mwaka wa kumi na tisa huu. Watoto wangu watatu wanaongea Kiswahili cha hapa na Kifaransa cha masomo. Mashi, hakuna. Bibi yao akipiga simu kutoka kijijini, kifungua mimba wangu anasema "koko", asante, halafu ananirudishia simu kama inamchoma. Chama chetu kilianzisha darasa la Jumamosi kwa watoto kumi na wawili. Mwezi ulipoisha walibaki wawili, wote wa mwalimu. Nasikia Wabaski, wale wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, walihamia Amerika zamani na hadi leo ni Wabaski. Siri yao nini?

Kijana wa Kadutu
Yaya, niko Boise, Idaho, na hao ndio majirani zangu. Babu zao walikuja kuchunga kondoo milimani. Wakishuka mjini walilala kwenye nyumba za kupanga za Wabaski wenzao, wakala chakula cha kwao meza moja. Nyumba moja ya 1864 bado iko mtaa wa Grove, makumbusho yao ndiyo inayoitunza. Wana chekechea ya Kibaski tangu 1998, na kikundi cha ngoma, Oinkari, tangu 1960. Lakini kilichonishangaza mimi ni karata. Mchezo wao unaitwa mus. Anayetaka kuweka vyote mezani anasema "hordago", maana yake "ndiyo ile pale". Hata mjukuu asiyejua Kibaski atalitamka, la sivyo hachezi.

Mzee wa Nguba, Bukavu
Msimdanganye mama wa watu. Wabaski wana serikali yao kule kwao, na tangu 1994 ina sheria ya kusaidia vyama vya walio nje. Sisi nani atatutumia hata franga?

Kijana wa Kadutu
Mzee, shikamoo. Pesa ni kweli. Ila chama chao cha Buenos Aires, Laurak Bat, kilifunguliwa 1877, mwaka mmoja baada ya Madrid kuwafutia sheria zao za jadi. Serikali yao ya kwanza ilikuja 1936. Miaka yote hiyo walichangishana wenyewe.

Mama Furaha, Katuba
Basi mmenikumbusha kitu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi chama kinakutana, na watoto tunawaacha nyumbani wasitupigie makelele. Mweka hazina wetu ni mzee sana, michango anahesabu kwa Mashi tu, na macho hayaoni vizuri. Mwezi ujao nampelekea kifungua mimba wangu awe anamwandikia daftari. Akiandika kumi badala ya ishirini, wenye pesa zao watamfokea, na hawatamfokea kwa Kifaransa.