Tupeane uzoefu: uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti za kazini

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Naanza na la kwangu. Kazini tuliambiwa kila mtu aweke hatua mbili, yaani ukishaandika nywila unathibitisha tena kwa njia nyingine, nikapakua programu ya kutoa namba, nikaskani ule mraba wa QR, basi. Mfumo uliponiletea namba za akiba, zile za kuingilia ukipoteza simu, nikabofya "endelea" hata bila kuzisoma. Miezi mitatu baadaye simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikanunua nyingine, laini ile ile, nikajua yamekwisha. Wapi! Zile namba za programu hazikai kwenye laini. Zinatokana na siri iliyokuwa ndani ya ile QR, na siri ilikufa na simu. Siku mbili nilikaa ofisini kama mgeni. Nyie yamewakuta yapi?

Mchangiaji wa 1
Pole mkuu. Mimi naandika tarakimu zote sita sawasawa, inakataa. Narudia, inakataa. Kumbe saa ya simu niliiseti kwa mkono, ilikuwa mbele dakika nne. Zile namba hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa, sasa simu na seva zikipishana hamuelewani hata uandike kwa mwandiko wa malaika. Nikaacha simu ijiseti yenyewe, ikakubali papo hapo. Halafu kuna wanaodhani inakula data. Haihitaji intaneti kabisa.

Mchangiaji wa 2
Yangu bado inaniuma. Sisi tulikuwa na ile ya kubonyeza "ruhusu" tu. Saa nane za usiku simu inaita: ni wewe unayeingia? Nikakataa. Ikaja tena. Na tena. Nadhani zilifika ishirini. Usingizi ukanishinda, nikabonyeza ruhusu ili inyamaze. Asubuhi nakuta wateja wametumiwa ankara za uongo kwa jina langu. Ile arifa ya kwanza tu ilitosha kuniambia kwamba kuna mtu tayari ana nywila yangu. Ilitakiwa niibadilishe usiku ule ule na niwapigie watu wa IT. Uber nao waliingiliwa kwa mtindo huo Septemba 2022, mkandarasi wao alisumbuliwa na arifa mpaka akakubali moja. Siku hizi kompyuta inaonyesha namba, nami lazima niiandike kwenye simu. Ukiwa kitandani huioni, kwa hiyo huwezi kuruhusu kizembe.

Mchangiaji wa 3
Mimi ndiye huyo wa IT mnayemlaani. Kwetu aliyegoma kabisa alikuwa bosi, eti anapotezewa muda, na akaunti yake ndiyo matapeli wanaitamani kuliko zote. Ushauri wangu: sajilini njia mbili siku ile ile ya kwanza. Namba za kutumiwa kwa meseji ni bora kuliko kukosa kabisa, ila tapeli akihamisha laini yako, namba zinakwenda kwake. Mimi natumia ufunguo wa USB, kidude unachochomeka kwenye kompyuta kuthibitisha kuwa ni wewe. Ukinasa kwenye tovuti bandia, wenyewe haujibu, maana unaangalia anwani halisi ya tovuti, si sura yake.

Mleta mada
Shukrani mkuu. Na namba za akiba unatunza wapi?

Mchangiaji wa 3
Karatasi, kabatini, na ufunguo wa kabati ninao mimi. Kila namba inatumika mara moja tu, nikitumia naikata kwa kalamu.

Mchangiaji wa 4
Mimi nilizihifadhi kwenye barua pepe ya kazini. Ndiyo, ile ile iliyojifunga. Msicheke.