Wapiga picha wa Moshi na Arusha, mnapeanaje maoni ya kusaidia?

Rau_Asubuhi
Habari zenu wadau. Napiga picha kwa mapenzi tu, nipo Moshi, natumia kamera ya mtumba na lenzi ile ya 18-55 iliyokuja nayo. Tuna grupu la wasap la watu wa huku na Arusha, ukirusha picha ni "moto", "kali sana blaza", emoji za makofi, basi. Juzi nimerusha Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ya asubuhi, theluji imetoka ya kijivu kama majivu ya jikoni, mwenyewe naona kabisa kuna kitu hakijakaa sawa ila watu wanapiga makofi tu. Akaja jamaa mmoja akaandika "hiyo picha haina kitu" akaishia hapohapo, watu wakamvaa, grupu likachafuka mpaka usiku. Sasa mtu anaombaje maoni apate ya maana? Na mimi nikitoa kwa mwenzangu nisemeje asinune lakini apate cha kufanyia kazi?

Lenzi50_AR
Kaka linaanzia kwenye kuomba. Ukitupia picha kavu unajibiwa kavu. Sema ulitaka nini na umekwama wapi, mfano "nilitaka theluji ing'ae, nimepiga f/8, 1/250, ISO 100, mbona kijivu?" Hizo namba ni uwazi wa lenzi, muda wa mwanga kuingia na usikivu wa kamera kwa mwanga, na swali kama hilo lina jibu. Kamera inapima mwanga ikidhani kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe si cheusi, sasa ikikutana na theluji na mawingu inaona mwanga umezidi inapunguza. Ile alama ya +/- ya kuongeza au kupunguza mwanga ipandishe mpaka +1 hivi, halafu cheki histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, isije ikabanana upande wa kulia, yaani weupe umezidi. Ni hivyohivyo ukimpiga mtu mbele ya ukuta mweupe, sura inazama giza.
Na nyie wa Moshi mpo kusini mwa mlima. Desemba na Januari jua linakuwa upande wenu, Kibo inapata mwanga usoni, ila mwezi wa 6 jua limehamia kaskazini na upande mnaouona mwanga wake unafifia, hapo usilaumu lenzi.

DadaTengeru
Mimi naongea kuhusu heshima maana ndo ilinifanya nikaacha kurusha picha kwa muda. Nilipiga mama anauza ndizi soko la Kilombero, nikaomba ruhusa yake vizuri na tukaongea, mtu kwenye grupu akaidaunilodi, akaikata mpaka mkungu ukatoka nje ya fremu, akairudisha na maneno "hivi ndivyo ilivyotakiwa". Hakuuliza nilitaka nini. Mimi ule mkungu ndo niliutaka! Picha ya mtu usiiguse kabla hujamwomba.
Mwingine akanifuata inbox akasema "dada, jicho langu limeanzia kwenye beseni la njano kule nyuma, uso wa mama nimeuona baadaye". Sijanuna hata kidogo, nimerudi kuiangalia na kweli beseni linavuta, ningesogea hatua moja kushoto lingejificha nyuma ya mama. Kaka ukitaka kutoa maoni anzia hapo, sema jicho lako limeenda wapi kwanza, kila mtu anaweza hata asiyejua shata ni nini.

MzeeWaNegativu
Wanangu msilainishe mno. Sisi tulijifunza kwa filamu ya picha 36, ukisafisha zinamwagwa mezani na fundi anakwambia hii imeharibika kwa sababu mkono umetikisika, hii fokasi imekaa sikioni badala ya jichoni. Kali, lakini sababu ipo. Huyo wa "haina kitu" kosa lake sio ukali, hakusema kwa nini. Na hizo simu zenu zinadanganya, kioo kidogo, mwanga umewashwa wote, kila picha inapendeza. Printini chache mkae pamoja mziangalie.

Rau_Asubuhi
Shikamoo mzee, asante sana. Dada pole, na hilo la beseni nalichukua. Kesho kukiwa kweupe naenda na +1 nairusha na swali lake. Wa Arusha mpo tayari tukutane Moshi na picha za karatasi?

Lenzi50_AR
Tupo, Jumamosi mimi nashuka. Kila mtu aje na tatu, na aanze mwenyewe kusema ipi haimridhishi na kwa nini. Hiyo ya kesho ukirusha itume kama dokumenti, wasap inabana picha halafu tutaanza kulalamikia ukungu ambao haupo.