Naombeni ushauri: chakula cha harusi ya Mwiraqw na Mrangi, Babati

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao hapa wilayani Babati. Sisi ni Wairaqw, bibi harusi ni Mrangi, Mwislamu, na wakwe zetu wanakuja kutoka Kondoa. Majirani waalikwa ni Wagorowa, Wambugwe na Wabarbaig. Mimi ndiye nimekabidhiwa jiko, na nataka kila mzee ale kwa amani.

Nyama tumeshakubaliana: ng'ombe na mbuzi watachinjwa na Mwislamu. Wali si tabu, mchele wa Magugu tunao. Ugali nao nimefikiria wa aina mbili, wa mahindi na wa uwele, pamoja na mlenda kwa ajili ya wageni wa Kondoa. Makande na maziwa mgando havikosekani kwetu.

Kinachoniumiza kichwa ni pombe ya mtama. Wazee wa ukoo wetu wanasema bila pombe baraka hazijatolewa. Wakwe nao hawatakaa karibu nayo, na ni haki yao. Je, baraka zikifanyika nyumbani kwetu siku moja kabla ya wageni kufika, wazee wataona tumewaficha? Na vyombo, nikiazima sufuria kwa majirani wanaopikia kitimoto (nyama ya nguruwe), kuziosha kunatosha au nikodi nyingine kabisa? Naona nikodi, ila bajeti ni ndogo.

Mliooana makabila na dini tofauti huko Babati, Hanang au Kondoa, mlipangaje? Nitashukuru sana.